Nyuzi za Mshazari

Haya yalitokea katika nchi ambayo hamjapata kufika, na kama kuna aliyefika, namshauri anyamaze kama ninavyonyamaza mimi. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, hapana. Ni kwamba limebadilishwa mara tatu mwaka huu, na karani mwaminifu hapendi kukosea hati rasmi.

Mimi naitwa Desderi Kilua. Nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu katika Wizara ya Anga na Mambo ya Juu. Kwa miaka ishirini na sita niliandika kila kilichosemwa na wakubwa, nikiondoa makosa na kuongeza makofi. Msidhani kuongeza makofi ni kazi ndogo. Palipokuwa kimya niliandika "makofi", palipokuwa na makofi niliandika "makofi ya muda mrefu", na mtu akikohoa niliandika "shangwe". Nilikuwa hodari, na cheti ninacho.

Nchi yetu inaongozwa kwa Falsafa ya Mwelekeo Mmoja. Iliasisiwa na Kiongozi Mwelekezi Mkuu siku alipokuwa akikagua gwaride, akaona askari mmoja amegeuza shingo. Tangu hapo kila kitu kinaelekea upande mmoja, yaani Ikulu. Vitanda vya hospitali vinaelekea Ikulu. Wafugaji wamepewa saa mbili kila asubuhi za kuwageuza ng'ombe. Barabara zote za mji mkuu zinaingia mjini na hakuna inayotoka, hata wageni waliokuja kwa mkutano wa siku mbili sasa wana watoto darasa la nne hapa. Kwa ujumla mambo yalikwenda vizuri sana, ukiacha yale yaliyokwenda vibaya.

Serikali ilikuwa na helikopta moja. Kwenye karatasi, kazi yake ilikuwa kumbeba Kiongozi. Lakini kila masika Mto Lumwe unafurika na kuzigeuza tarafa tatu kuwa visiwa, na hapo helikopta hiyo ndiyo iliyopeleka dawa na kuwatoa wajawazito. Mapanga yake, yale marefu manne yanayozunguka juu, yalikuwa ya madini, yameshaanza kuingia nyufa. Kiwanda cha ng'ambo kilichoyatengeneza kilikuwa kimefungwa siku nyingi. Ndipo Injinia Siwema Nguluko, mkuu wa karakana ya anga, akasema tutatengeneza ya kwetu, na tutayatengeneza kwa faiba.

Siwema alikuwa mwanamke mfupi, si msemaji, na akiongea nawe hutazama mikono yako badala ya uso. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuajiri wasusi sita wa mikeka, wakiongozwa na Bi Mashavu, mama wa miaka sitini na kitu. Wizarani tulicheka mpaka chai ikatupalia. Tulidhani anataka kumtandikia Kiongozi mkeka ndani ya helikopta.

Kumbe faiba, kwa asiyejua, ni kitambaa cha nyuzi nyembamba za kioo au za kaboni. Unalaza tabaka moja, unapaka gundi, unalaza jingine, hivyo hivyo mpaka kitu kinanenepa. Kisha unakipika kwenye tanuri, kinatoka chepesi na kigumu, hakishiki kutu wala hakichoki upesi kama madini. Siri yote imo katika kulaza. Ukiacha mkunjo mmoja, au kipovu kimoja cha hewa, siku moja matabaka yataachana huko juu. Vidole vya Bi Mashavu vilikuwa vikiuona mkunjo kabla jicho halijauona.

"Mkeka ukiuharibu mtu analala vibaya," aliniambia siku ya kwanza niliyokwenda kuandika taarifa. "Hili ukiliharibu, mtu harudi kulala."

Nikaliandika, kisha nikalifuta, maana halikuwa na sifa kwa Kiongozi. Lakini kichwani halikufutika.

*

Mapanga manne ya kwanza yalipotoka tanurini, Waziri wetu alikuja kuyaona. Huyu ni Mheshimiwa Profesa Brigedia Polikapo Ngwamba. Uprofesa alitunukiwa na jeshi, na ubrigedia na chuo kikuu. Alikuja na wasaidizi kumi na mmoja, mmoja kati yao akiwa na kazi ya kubeba miwani tu.

"Eleza kwa ufupi," Waziri akasema. "Lakini usiache kitu."

Siwema akaeleza. "Mheshimiwa, panga likizunguka linavutwa kwenda nje, kama ndoo unapoizungusha kwa kamba. Nyuzi hizi zinazokwenda kwa urefu ndizo zinazoushika mvuto huo. Lakini hewa nayo inalisokota panga. Kwa hiyo tunalaza nyuzi nyingine za mshazari, tabaka moja linaegemea kulia, jingine kushoto, zinakatana. Hizo ndizo zinazokataa kusokotwa."

Waziri alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama wafanyavyo wakubwa wakisubiri soda. Ghafla kichwa kikasimama.

"Zinakatana?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Zinaelekea pande ngapi kwa jumla?"

"Tatu."

Mbeba miwani akarudi nyuma hatua moja. Waziri akashusha pumzi, akaongea kwa sauti ya huruma.

"Injinia, katika chombo kinachombeba Kiongozi, wewe umeweka nyuzi zinazoelekea pande tatu. Na mmoja kati ya hizo ni kushoto."

"Inategemea umesimama wapi, Mheshimiwa. Ukihamia upande ule, kushoto kunakuwa kulia."

"Mimi sihami," akasema Waziri.

Nikaandika: makofi ya muda mrefu.

*

Ikaundwa Tume ya Muda ya Kudumu ya Kunyoosha Nyuzi. Wajumbe walikuwa kumi na tisa. Mmoja wao aliwahi kupanda helikopta, akatapika, kwa hiyo aliitwa Mtaalamu.

Tume ilikaa siku arobaini. Siku kumi na mbili za mwanzo zilikwenda katika swali zito lililoulizwa na Mtaalamu: kama panga linazunguka, si linaipa Ikulu kisogo nusu ya muda? Mjumbe mmoja akapendekeza lisizunguke. Mwingine akasema tuihamishe Ikulu, akatolewa nje na hajaonekana. Mwishowe ikaamuliwa kwamba kuzunguka kwa panga kuhesabiwe kuwa ni gwaride la duara, na likaruhusiwa. Lakini nyuzi zote zilazwe upande mmoja, kwa urefu, pasiwe na hata moja ya mshazari. Mapanga manne ya Siwema yakabandikwa karatasi iliyoandikwa "Kielelezo cha Uhalifu", yakafungiwa stoo.

Siwema akaomba dakika mbili mbele ya Tume. Alikuja na vipande viwili vya faiba, vyembamba, urefu wa mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hiki kina nyuzi zangu za mshazari. Hiki kingine kina nyuzi za upande mmoja mnazozitaka ninyi. Naomba uvikamue kama unavyokamua nguo."

Waziri, ambaye ndiye aliyekuwa Mwenyekiti, akachukua cha kwanza. Akakikamua mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, nacho hakikutoa hata mlio. Akachukua cha pili, akakikamua kidogo tu. Kikachanika kwa urefu toka ncha hadi ncha, na kijiti kimoja kikamwingia dole gumba.

Damu ya Waziri ilidondokea kwenye ajenda, mahali palipoandikwa "Mengineyo". Mimi nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba mambo yamekwisha. Mtu ameambiwa, akashika mwenyewe, akachomwa mwenyewe. Nini tena?

Tume ikapitisha maazimio matatu. La kwanza, kipande kile kilikuwa kimechochewa. La pili, kusokota na kukamua kitu chochote ni marufuku ndani ya mipaka ya nchi, na tangu siku hiyo kina mama wakaanza kuanika nguo zikiwa zinachuruzika maji, na kina dada waliokuwa wamesuka nywele wakafumuliwa na polisi barabarani. La tatu lilikuwa Waraka Namba Saba kwa Upepo, nakala kwa Mawingu, unaouamuru upepo usisokote mapanga ya Serikali. Ulibandikwa juu ya mlingoti wa uwanja wa ndege. Upepo uliuchana siku ile ile. Wakabandika mwingine, wakaweka askari wa kuulinda.

Mimi sikucheka. Nilikohoa tu, nikajiandikia shangwe.

*

Siwema alikataa kusimamia mapanga mapya. Hakupiga kelele. Aliweka funguo za tanuri juu ya meza ya Waziri, akasema, "Zipo zote tano." Wakamhamisha cheo: akawa Afisa Mkuu wa Kunguru, kule mwisho wa uwanja, akapewa fimbo awafukuze ndege. Barua ya uhamisho niliiandika mimi, kwa maneno mazuri sana.

Kisha Waziri akaenda kwenye meza ya kulazia, akawaamuru wasusi waanze kazi. Bi Mashavu akavua glavu zake, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu," akamwambia Waziri, na hakuna aliyewahi kumwita Waziri hivyo ndani ya saa za kazi, "mimi nasuka tangu sijaota meno ya pili. Miyaa ikilala yote upande mmoja, huo si mkeka. Hizo ni kuni."

"Mama, hii ni amri."

"Nimeisikia. Na mimi nimekataa, umesikia?"

"Nitawafukuza kazi wote sita."

"Tufukuze. Mikono naondoka nayo."

Wakaondoka wote sita, wakapanga viatu vyao vya kazi mlangoni. Mimi nilibaki nimeshika kalamu. Niseme ukweli, niliona haya, na sikujua haya hiyo ni ya nini, maana sikuwa nimefanya kitu. Baadaye nikaelewa kwamba ilikuwa ya hilo hilo, la kutofanya kitu.

Jioni nikamfuata Siwema kule kwa kunguru. Nilikuwa na wazo, nikaliona la busara kweli kweli.

"Injinia, kwa nini msingelaza mshazari kwa ndani, juu mkafunika na nyuzi za urefu? Wakubwa wasingejua. Rubani angepona."

Akatazama mikono yangu. "Halafu lingeruka salama?"

"Salama kabisa."

"Na Waziri angesema nini?"

Nikafikiri. "Angesema Mwelekeo Mmoja unapaa."

"Na mwakani, Bwana Karani, wangejenga daraja kwa kanuni hiyo. Mwaka wa pili, paa la shule. Kila mahali ingebidi awepo mtu wa kuwaokoa kwa siri, mpaka siku moja akosekane." Akamrushia kunguru kokoto. "Uongo wao siubebi. Ukitaka kuruka, uruke kwa nyuzi zake wenyewe."

*

Basi Tume ikalaza faiba yenyewe. Wajumbe kumi na tisa waliingia karakana na suti. Gundi ya faiba haina adabu, haijui mkubwa. Katibu aliganda kwenye meza kwa kiwiko, akasainia barua tatu akiwa pale pale. Mtaalamu aliinama kuhakikisha nyuzi zimenyooka, tai yake ikalala kwenye tabaka la sita, na kabla hajang'amua, wenzake walikuwa wameshalaza la saba. Ikabidi ikatwe shingoni. Ile sehemu iliyobaki ilipikwa pamoja na panga, na kwenye kumbukumbu tuliiandika kama uimarishaji.

Mapanga yakatoka tanurini, yakapakwa rangi ya taifa, yakafungwa kwenye helikopta. Yalikuwa yamenyooka, yanang'aa, na mtu asiyejua angeyapenda. Ilibaki saini.

Hapa kuna jambo ambalo Tume haikulijua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Karakana ya anga ilikuwa na desturi ya zamani, na desturi hiyo ilikuwa imeingizwa kwenye kanuni: anayetia saini kwamba panga ni zima, ndiye anayepanda safari ya kwanza, kiti cha pembeni ya rubani. Siwema alikuwa ameipanda mara kumi na nne. Waziri alipoletewa fomu, aliisoma akitabasamu mpaka mstari wa mwisho.

"Mimi ni mtu wa sera," akasema. "Hili ni la kiutendaji. Apelekewe Naibu."

Naibu alikuwa na presha. Katibu Mkuu alikuwa na msiba, ingawa hakuweza kusema wa nani. Mkurugenzi akasema yeye husaini vitu vinavyotambaa tu. Mtaalamu akaenda likizo ya uzazi. Fomu ikashuka ngazi kwa ngazi, siku tisa, ikipata mihuri njiani bila kupata jina, mpaka siku moja nilipofika kazini nikaikuta juu ya meza yangu. Chini yangu hapakuwa na mtu. Aliyekuwa akifagia alikuwa amejiuzulu jana yake.

Nikaitwa kwa Waziri. Akanikaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Bwana Kilua, usiogope. Tumeibadili kanuni kwa ajili yako. Karani hapandi. Unaandika jina lako tu, unarudi nyumbani kula ubwabwa."

"Na rubani?"

"Rubani ni rubani," akasema Waziri. "Tungeweza kujiondoa na sisi kwenye kanuni, lakini Kiongozi angeuliza tunaogopa nini. Wewe hakuna atakayekuuliza. Na utapanda cheo, utakuwa Karani Mkuu wa Makofi."

Nikamtafuta rubani. Kapteni Fumo Shekuwe alikuwa kijana wa miaka thelathini na tatu, mpole, mwenye mke na mapacha. Nilimkuta nyumbani kwake, yuko juu ya paa anapigilia mabati. Mkewe aliniambia amekuwa huko kila jioni wiki nzima. Amebadili mabati yote, amezibua mifereji, amejaza kuni za miezi sita, na masika yenyewe bado.

"Kapteni," nikaita kutoka chini, "unajua mapanga yale yakoje?"

"Najua, mzee. Nimeyapapasa."

"Sasa utaruka?"

Akashikilia nyundo, asipige. "Mimi ni askari. Pakiwa na saini, naruka. Pasipo saini, siruhusiwi kuwasha hata injini. Mapanga sichagui mimi." Kisha akasema polepole, "Wanasema saini iko kwako."

"Iko kwangu."

"Basi sikuombi kitu, mzee. Ukishaamua unijulishe mapema, nimalize upande huu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ubwabwa ulikuwepo, sikuula. Nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza haikuwa hasira ya kukosa posho. Nilikumbuka kila "shangwe" niliyowahi kuiandika, nikaona kwamba Waziri hakukosea kunichagua. Mtu aliyekubali kuandika makofi pasipo makofi, kwa nini asiandike uzima pasipo uzima?

*

Ikafika Sikukuu ya Kuelekea. Uwanja wa ndege ulijaa watu, wote wamekaa wakiitazama Ikulu, kwa hiyo helikopta ilikuwa nyuma yao na ikabidi waiangalie kwa vioo vidogo vilivyogawiwa na Serikali. Kiongozi Mwelekezi Mkuu alikuwa jukwaani. Mvua za nyanda za juu zilikuwa zimewahi mwaka huo, na redio ilishasema Lumwe umeanza kutapika. Waziri alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Leo tunaudhihirishia ulimwengu kwamba sayansi nayo inaweza kutii! Mapanga haya hayana uzi hata mmoja uliopinda, uliochepuka, wala uliojifanya unajua! Wenzetu wa nje wanalaza nyuzi ovyo, huku na huku, ndiyo maana nchi zao zina kelele! Sasa namwita mtumishi mnyonge lakini mwadilifu, Bwana Kilua, atie saini mbele yenu!"

Nilipanda jukwaani. Fomu ilikuwa mezani, imezungushiwa maua. Kapteni Fumo alikuwa amesimama kando ya helikopta yake, kofia kwapani, na sare yake ilikuwa imepigwa pasi vizuri mno. Nikaishika kalamu.

"Mheshimiwa," nikasema, na kipaza sauti kikanisikia, "sitii."

"Hutii nini?"

"Saini sitii. Panga hili litachanika, na mtu huyu atakufa. Kama ni zima, tia wewe."

Safari hii hapakuwa na mtu wa kuandika "makofi".

Waziri akaninong'oneza mambo ambayo atanifanyia mimi, mke wangu na shamba langu la mihogo. Nikasema tena, "Sitii," na mara ya pili haikuwa ngumu. Nikaona Kiongozi anatazama saa yake. Waziri naye akaona, akabadilika rangi. Helikopta yenye panga baya ilimtisha kiasi. Helikopta isiyoruka mbele ya Kiongozi ilimtisha zaidi.

Ndipo mtu mfupi mwenye fimbo akaonekana anakuja kutoka mwisho wa uwanja, bila haraka, na nyuma yake wanawake sita. Watu wakaanza kugeuka. Ilikuwa marufuku kugeuka, lakini vioo vilikuwa vidogo.

"Mimi nitatia," akasema Siwema alipofika. "Ila kwa yale yaliyo stoo. Na nitapanda, maana kanuni nilizoea ile ya zamani."

"Sisi pia," akasema Bi Mashavu. "Tuliyalaza wenyewe."

Waziri akamtazama Kiongozi, akaitazama saa ya Kiongozi, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Yafungwe. Lakini yapakwe rangi! Nyuzi zisionekane!"

"Rangi inakauka kwa saa kumi na mbili," Siwema akajibu. "Mtasubiri?"

Kuyafungua yale mapanga na kuyafunga haya kulichukua saa nne. Waziri alihutubia saa zote nne. Hakuna aliyeondoka, na baada ya saa ya kwanza hakuna aliyekuwa akitazama Ikulu. Kila panga lilipopita mbele ya watu, begani mwa wanawake, jua lilipenya kwenye faiba isiyopakwa kitu, ikawa rangi ya asali, na nyuzi zilionekana wazi hata kwa waliokaa mbali: za urefu, na juu yake za mshazari, huku na huku, zimekatana kila mahali.

"Tazameni!" Bi Mashavu akapaza sauti. "Mtu asije akawaambia mlichoona si hiki!"

Mzee mmoja mbele yangu akaanza kupiga makofi. Akafuata mwingine, kisha uwanja mzima. Nilikuwa nimeyaandika makofi miaka ishirini na sita bila kuyajua yalivyo. Nililia, nikayaacha machozi yashuke.

Siwema akatia saini, akaketi pembeni ya rubani. Wasusi wakajipanga nyuma, wamepakata masanduku ya dawa yaliyokuwa yakisubiri ghalani tangu wiki iliyopita. Kapteni Fumo akawasha injini. Mapanga yakazunguka, yakashika kasi, helikopta ikanyanyuka bila kuyumba. Haikupita juu ya jukwaa kama ratiba ilivyotaka. Iliigeuzia Ikulu mkia na kushika njia ya Lumwe.

"Wananchi," akasema Waziri, "imeelekea Ikulu kwa njia ndefu!"

*

Hawajarudi. Barabara za kwetu haziendi huko, kwa hiyo hakuna askari aliyeweza kutumwa kuwakamata. Mke wa Fumo na mapacha walitoroka kwa mtumbwi wiki iliyofuata. Wanaotoka Lumwe, wachache, wanasema helikopta inaruka kila siku, na kwamba katika masika yale hakuna mjamzito aliyekufa kwa kukosa usafiri. Waziri Ngwamba amepandishwa cheo kwa kufanikisha safari hiyo.

Mimi nilikamatwa jioni ile ile. Nimewekwa mahali ambapo kitanda kinaelekea Ikulu, ila nimekigeuza. Kila asubuhi askari huniletea karatasi ya kutia saini, imeandikwa kwamba nyuzi za mapanga yaliyoruka siku ile zilielekea upande mmoja. Nikitia, natoka. Kila asubuhi naandika chini yake "Nimekataa", naweka jina langu kamili, nairudisha. Hii ni siku ya mia mbili na kumi na saba, na nimechoka, sitawadanganya. Namkumbuka mke wangu na nimekonda. Lakini jina langu sijaliona zuri namna hii tangu niandikishwe shule.

Askari wa zamu ni kijana mgeni, ameanza juzi. Leo aliileta karatasi ile kama kawaida, nikaandika, akaipokea. Hakuondoka. Akatazama mlango, kisha akatoa mfukoni karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne, ambayo haikuwa yangu. Ilikuwa na jina lake, na amri ambayo hakunionyesha.

"Mzee," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hivi unaandika juu ya mstari, au chini yake?"

Nikasogea kitandani, akakaa, nikampa kalamu.